AC ya gari ikitoa joto: Twanunua gesi, tundu twaliacha

Kaskazi ikishika Pwani, kuna biashara moja isiyokosa wateja: kujaza gesi ya AC ya gari. Pita Changamwe, Kisauni, Mwembe Tayari hata Mtwapa, utaona vibao, vingine vimeandikwa kwa mkono, vyote vikitangaza gesi. Chini ya kibao pana mtungi, geji yenye mipira ya buluu na nyekundu, na magari yaliyopanga foleni. Mwenye gari ashuka na neno lake moja: AC yatoa joto, niwekee gesi. Fundi aweka. Hewa yapoa, pesa zalipwa, kila mtu ashika njia yake. Mwaka ukizunguka, pengine hata miezi mitatu haijatimia, gari ni lile lile, fundi ni yule yule, na neno ni lile lile.

Leo nataka tulizungumze jambo hili kwa utulivu, kwa sababu si la starehe kama wengine wanavyodhani. Kwa dereva wa teksi ni riziki. Kwa mama anayempeleka mzazi wake hospitali saa nane mchana kutoka Mtwapa hadi Kisiwani ni afya. Na kwa nchi nzima, kama nitakavyoeleza, ni suala la mkataba wa kimataifa ambao tayari umeanza kubana gesi tunayoijaza kila msimu.

Hoja yangu ni moja. Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama petroli. Huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa, mwaka baada ya mwaka. Ni kweli kwamba mipira na sili huachilia kidogo kidogo baada ya miaka mingi, lakini gesi iliyojazwa Januari haiwezi kuisha Aprili bila ya kuwa na tundu mahali. Kwa hivyo kujaza gesi bila ya kutafuta ilikotokea si matengenezo. Ni kulipa kodi ya tundu, na kodi hiyo itapanda.

Yanayofanyika chini ya boneti

Tuanze na mashine yenyewe, maana asiyejua kitu kinavyofanya kazi hudanganywa mchana kweupe.

Kompresa huikamua gesi mpaka ikapata presha kubwa na joto kali. Gesi hiyo hupelekwa mbele ya gari, kwenye kondensa, ile inayofanana na rejeta na kukaa mbele yake. Hapo feni na upepo huitoa joto, nayo hugeuka kuwa majimaji. Majimaji hupita kwenye kichujio kinachonyonya unyevu, kisha kwenye tundu dogo la vali. Yakitoka hapo presha hushuka ghafla, yakawa baridi sana, yakaingia kwenye koili iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Feni ya ndani hupuliza hewa juu ya koili ile, nasi tukapata baridi. Gesi hurudi kwa kompresa, safari ikaanza upya.

Ukiufuata mzunguko huo utaona kwamba hewa ya moto inaweza kuletwa na mambo mengi. Gesi ikipungua, joto. Gesi ikizidi, joto. Kompresa ikichoka, feni ya mbele ikikataa kuzunguka, kondensa ikijaa vumbi, vali ikiziba, waya wa umeme ukikatika, joto. Hata gesi, kompresa na feni zote zikiwa sawa, kuna kijimlango ndani ya dashibodi kinachochanganya hewa ya baridi na ya moto. Kikikwama upande wa moto, utapulizwa joto huku koili ni baridi kama barafu. Ndiyo maana kumwambia fundi "weka gesi" kabla hajaangalia kitu ni sawa na kuingia hospitali na kumwamrisha daktari akudunge sindano ya malaria kwa sababu kichwa chauma.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa pesa

Kuna uchunguzi ambao hauhitaji geji wala diploma. Kila mwenye gari anaweza kuufanya nyumbani kwake.

Swali la kwanza: hewa yatoka kwa nguvu? Ikiwa yatoka kidogo lakini ni baridi, tatizo si gesi. Huenda ni kichujio cha hewa ya ndani kilichojaa vumbi, au feni ya ndani imechoka. Hakikisha pia kwamba kitufe cha hewa kiko upande wa kuzungusha hewa ya ndani, hakikuachwa kwenye hewa ya nje. Mchana wa Februari hapa kwetu, hewa ya nje ina nyuzi 32 au 33 na unyevu tele. AC inayolazimishwa kuipoza hewa hiyo muda wote huonekana mbovu ilhali ni nzima.

Swali la pili: joto huja wakati gani? Hili ndilo lenye faida kuliko yote, na ni mafundi wachache wanaoliuliza. Kama gari hupoa likikimbia barabara ya Malindi kisha likatoa joto likikwama kwenye foleni ya Daraja la Nyali, shuku feni ya mbele au kondensa kabla ya kushuku gesi. Gari likienda, upepo hufanya kazi ya feni. Likisimama, feni ibebe mzigo peke yake, na isipoweza, joto halina pa kutokea. Kama hupoa vizuri kwa nusu saa kisha hewa ikapungua na kuwa vuguvugu, halafu ukizima kidogo na kuwasha inarudi, huenda koili inaganda barafu au kuna unyevu ndani ya mfumo. Kama ni joto tangu mwanzo hadi mwisho, uende ama ukae, hapo ndipo gesi, kompresa na umeme huingia kwenye orodha.

Swali la tatu: kompresa yashika? Kwenye magari mengi ukibonyeza AC utasikia mlio mdogo wa "tak" na injini itabadilisha sauti kidogo. Ile ni klachi ya kompresa. Isiposhika, anza na fyuzi na rilei, vitu vya bei ndogo. Ikishika na kuachia kila baada ya sekunde chache, mara nyingi ni dalili ya gesi kupungua: swichi ya presha huizima kompresa isije ikaungua, maana mafuta yake husafiri pamoja na gesi. Tahadhari hapa. Magari mengine ya kisasa hayana klachi ya kusikika, na ya haibridi kama Aqua yana kompresa ya umeme. Huko kutosikia mlio si ushahidi wa kitu.

Swali la nne ni zawadi ya hali ya hewa yetu: gari ladondosha maji? Pwani hewa imejaa unyevu, na koili baridi huugeuza unyevu ule kuwa maji yanayotoka kwa kijipira chini ya gari. Ukiegesha na kuona kidimbwi chini upande wa abiria wa mbele, jua koili yapata baridi. Basi ikiwa ndani kwatoka joto na chini kwadondoka maji mengi, kishuku kile kijimlango cha kuchanganya hewa. Gesi usiinunue bado.

Geji haipimi kiasi

Ukishajibu hayo manne, mpeleke fundi gari pamoja na majibu. Hapo ndipo kazi ya geji huanza. Wengi wetu huziangalia geji zile kama kipimo cha gesi, kama vile mshale wa petroli. Sivyo. Geji hupima presha, na presha si kiasi.

Gari likiwa limepoa na limezimwa kwa saa kadhaa, mishale yote miwili husimama pamoja. Kwa gesi ya R134a, iliyo kwenye magari mengi tunayoendesha, joto likiwa nyuzi 30 presha hiyo huwa karibu 95 au 100. Ikiwa chini sana ya hapo, gesi imetoka. Lakini ikiwa 95, haimaanishi kwamba gesi imetimia. Yamaanisha tu kwamba bado kuna majimaji ndani. Iwe robo au imejaa, mshale utasema vile vile.

Injini ikiwashwa na AC ikifunguliwa, mishale hutengana. Kwa joto letu, upande wa buluu huwa kati ya 30 na 50 hivi, na upande wa nyekundu kati ya 200 na 275, gari kwa gari. Zote zikiwa chini, gesi imepungua. Zote zikiwa juu, ama imezidi, ama kondensa haipoi, ama hewa ya kawaida imeingia ndani. Buluu ikipanda na nyekundu ikishuka mpaka zikakaribiana, kompresa imechoka. Buluu ikishuka karibu na sifuri, kuna mahali pameziba. Hali hizi zote zampuliza abiria hewa ya joto, lakini ni moja tu inayotibika kwa gesi, na hata hiyo haitibiki mpaka tundu lizibwe.

Kiasi hujulikana kwa mizani. Chini ya boneti ya gari lako kuna karatasi ya mtengenezaji inayotaja aina ya gesi na uzito wake kwa gramu. Gari dogo aghalabu huchukua nusu kilo hivi, zaidi kidogo au pungufu. Kazi inayofaa ni hii: fundi akusanye gesi iliyobaki, atafute tundu kwa rangi maalumu, kwa naitrojeni na povu la sabuni au kwa kifaa cha kunusa gesi, alizibe, abadilishe kichujio cha unyevu ikiwa mfumo ulikaa wazi, avute hewa yote kwa pampu kwa nusu saa au zaidi, aangalie mshale usiporudi, kisha apime gramu kwa mizani na kujaza. Pwani hatua ya pampu haifai kurukwa kabisa. Unyevu ukibaki ndani huganda kwenye tundu la vali, na ukikutana na gesi na mafuta hutengeneza asidi inayokula chuma polepole.

Sasa jiulize: mara ya mwisho ulipojaza gesi, uliona mizani?

Kwa nini Pwani twaumia zaidi

AC ya gari la Mombasa ina maadui ambao gari la Nanyuki halina. Wa kwanza ni chumvi. Kondensa ni alumini nyembamba iliyowekwa mbele kabisa ya gari, na upepo wa bahari huila siku zote. Wa pili ni vumbi. Ujenzi wa barabara ya Mombasa, Mtwapa hadi Kilifi utatusaidia ukikamilika, inshallah, lakini vumbi lake limeingia kwenye kondensa za wengi. Wa tatu ni sisi wenyewe. Kule kwenye kuosha magari, kijana huielekeza pampu ya presha kali kwenye kondensa, vijipande vyembamba vikalala, na hewa ikakosa njia. Kondensa huoshwa kwa maji ya polepole.

Adui wa nne ni umri. Magari yetu mengi hushuka bandarini hapa Mombasa yakiwa yametumika Japani kwa miaka. Sheria yetu haikubali gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na anayenunua aghalabu huchukua lililo karibu na mpaka huo kwa sababu ya bei. Sili na mipira ya AC yake imekwisha zeeka kabla ya kuijua kaskazi yetu.

Jirani yangu mmoja ni dereva wa teksi za simu. Abiria akiingia saa saba mchana na kupulizwa joto, hamwambii kitu. Humpa nyota mbili na kushuka. Nyota zikipungua, safari hupungua. Kwa hivyo hana nafasi ya kusema atangoja mwisho wa mwezi. Hukimbilia gesi, kwa sababu gesi ni ya leo na tundu ni la kesho. Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme kujaza ni shilingi 3,000 na gesi hukaa miezi minne. Kwa mwaka ni 9,000, kwa miaka mitatu ni 27,000, na tundu bado liko pale pale. Ongeza kompresa itakayokufa kwa kukosa mafuta yaliyovuja pamoja na gesi, utaona ni nani aliyeokoa pesa.

Simlaumu fundi peke yake. Nimekaa na mafundi kadhaa kwenye mabenchi yao, na maelezo yao yafanana. Mteja huja na pesa za gesi tu mkononi. Ukimwambia kwanza tutafute tundu, kazi ya saa mbili au tatu, ahisi waibiwa, ahamia kibanda cha pili. Fundi mwaminifu hupoteza mteja, na wa haraka humpata. Soko letu lamlipa anayejaza, halimlipi anayechunguza. Hilo ndilo tundu kubwa kuliko lile la kondensa.

Gesi yenyewe inabadilika

Hadi hapa mtu aweza kusema, hayo ni mambo ya mfuko wangu, niachie. Lakini kuna habari ambayo haijazungumzwa vya kutosha huku kwetu.

Magari ya zamani yalitumia gesi ya R12. Ikagunduliwa kwamba gesi za ukoo ule zatoboa tabaka la ozoni, na mwaka 1987 dunia ikatia saini Mkataba wa Montreal wa kuziondoa. Nafasi yake ikachukuliwa na R134a, ambayo haidhuru ozoni. Ila nayo ina aibu yake: kilo moja ikiachiliwa hewani huipasha dunia joto kama kilo 1,430 za hewa ya kaboni kwa kipimo cha miaka 100. Yaani nusu kilo iliyovuja kutoka gari moja yalingana na kuchoma petroli lita 300 hivi. Sisi wa Pwani, ambao bahari yala fukwe zetu na joto la maji laua matumbawe, hatuwezi kusema hayatuhusu.

Oktoba 2016, mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kupunguza gesi za ukoo huu pia. Kenya imeridhia. Kwa kundi la nchi zinazoendelea ambamo Kenya imo, matumizi yalitakiwa yagandishwe kuanzia 2024. Baadaye yapunguzwe kwa asilimia 10 ifikapo 2029, asilimia 30 ifikapo 2035, asilimia 50 ifikapo 2040 na asilimia 80 ifikapo 2045. Kwa lugha ya sokoni: mtungi hautakuwa mwingi kuliko ulivyo, kisha utaanza kuadimika. Bidhaa ikiadimika na mahitaji yakibaki, bei haishuki. Ndiyo maana nikasema kodi ya tundu itapanda.

Wakati huo huo Ulaya imekataza tangu 2017 gari jipya la abiria kutoka na R134a, na Japani nayo imekuwa ikihamia gesi mpya iitwayo R1234yf. Magari ya Japani yenye gesi hiyo yakitimiza umri wa bei zetu, yatashuka hapa hapa bandarini, na ya kwanza kuyapokea ni sisi. Gesi hii haichanganywi na ya zamani, midomo ya kujazia imetengenezwa tofauti makusudi, huweza kushika moto kidogo, na bei yake ni kubwa zaidi. Je, fundi wa kibandani ameandaliwa? Magari ya haibridi yalikwisha kutuonyesha jibu. Kompresa yao ya umeme huhitaji mafuta yasiyopitisha umeme. Ukiweka mafuta ya kawaida, waiharibu kompresa na wamhatarisha anayeigusa. Hata hivyo kuna vibanda vinavyotumia chupa moja ya mafuta kwa kila gari.

Na gesi ikipanda bei, ghushi hufuata. Hapa sizungumzii hasara ya pesa pekee. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka na kuua wafanyakazi wa bandari nchini Vietnam na Brazil. Chanzo kilipofuatiliwa, ilionekana kompresa zilikuwa zimejazwa gesi iliyochanganywa na kemikali ya bei rahisi ambayo ikikutana na alumini hutengeneza kitu kinacholipuka kikiguswa na hewa. Mji wa bandari kama wetu, wenye makontena ya baridi yakipita kila siku, wafaa uikumbuke habari hiyo. Kuna pia wanaojaza gesi ya kupikia kwenye AC ya gari. Ni kweli hupoza, tena vizuri. Lakini mfumo ule haukujengewa gesi inayowaka kwa cheche, na koili yake iko nyuma ya dashibodi, mbele ya magoti ya abiria. Kumwekea mtu gesi hiyo bila ya kumwambia ni ghishi, na dini yetu imelikataza hilo waziwazi kabla ya serikali yoyote kulikataza.

Nani afanye nini

Sheria si kwamba hazipo. Kanuni za mazingira za mwaka 2007 zinazosimamiwa na NEMA zadhibiti uingizaji wa gesi zinazodhuru ozoni. Ibara ya 46 ya Katiba yampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa. Na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu nzima kuhusu ukarabati wa magari: fundi akupe makadirio kabla ya kukutoza, akurudishie vipuri alivyovitoa ukivitaka, na kazi yake iwe na dhamana ya siku 90 au kilomita 5,000, lolote litakalotangulia. Soma tena sentensi hiyo ukiikumbuka gesi iliyoisha kwa wiki sita.

Tatizo ni kwamba sheria hizi zakaa Nairobi na gari lakaa Kongowea. Hakuna mkaguzi anayefika kibandani, wala sitaki afike kwa nia ya kukamata vijana wanaojitafutia. Nataka afike na mafunzo. Vyuo vya ufundi vya vijijini ni jukumu la serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba. Mombasa, Kwale, Kilifi, Lamu, Tana River na Taita Taveta zote zina joto na zote zina magari. Kozi fupi ya AC ya gari, yenye gesi mpya na haibridi ndani yake, ikifuatiwa na mtihani wa NITA, ingempa kijana cheti cha kubandika kando ya kile kibao chake. NEMA na kitengo cha ozoni cha wizara nao walete mafunzo Pwani, kwa sababu huku ndiko gesi inakoingilia na huku ndiko inakotumika mwaka mzima.

Mashine ya kukusanya gesi na kuipima ni ghali kwa kibanda kimoja. Lakini mafundi kumi wa mtaa mmoja, wakiwa kwenye sako moja, waweza kuinunua na kuitumia kwa zamu. Gesi inayokusanywa badala ya kuachiliwa ni mali, na kadiri mkataba wa Kigali unavyobana ndivyo thamani yake itakavyoongezeka. Wenye teksi nao, ambao tayari wana vyama vyao, waweza kukubaliana na gereji moja inayochunguza kwanza, kwa bei inayojulikana na dhamana iliyoandikwa.

Kwetu sisi wenye magari kazi ni ndogo zaidi, lakini bila yetu hakuna litakalogeuka. Tukubali kulipia uchunguzi. Mfanyakazi anayetumia saa mbili kutafuta tundu amefanya kazi, hata kama hukuona mtungi ukifunguliwa. Tukimlipa yeye, atabaki. Tukimlipa wa haraka tu, tutabaki na wa haraka tu. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa ni wa kondensa, ukuta ni kompresa mpya.

Basi kaskazi hii, AC ikianza kutoa joto, usianze na neno gesi. Mweleze fundi joto huja gari likienda au likisimama, kompresa yashika au haishiki, maji yadondoka au hayadondoki. Mwambie akuonyeshe tundu kabla ya kukuonyesha mtungi. Uliza mizani iko wapi, na umuombe aandike gramu na tarehe kwenye karatasi, aitie saini. Asipotaka kuandika, hilo nalo ni jibu.